Breki za Nyuma za Magari ya Vyama: Je, Ifaa Kubadili Dramu Kuwa Diski?

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama)



Mananasi, mihogo, korosho na ufuta wa Fukayosi na vijiji jirani huondoka shambani juu ya pikapu na malori madogo. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na mashimo, na gari halikuweza kwenda mbio hata dereva angetaka. Tangu barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Msata, yapata kilomita 64, ilipotiwa lami, mwendo umeongezeka, na mzigo haukupungua. Gari lililozoea kilomita 30 kwa saa sasa hukimbia 80, likiwa limejaa hadi juu ya bodi. Ndiyo maana madereva na mafundi wameanza kuziomba bodi za vyama ziidhinishe fedha za kuondoa breki za dramu za nyuma na kuweka za diski.

Ombi hilo halipaswi kukataliwa kwa ubahili tu, wala kukubaliwa kwa sababu jambo hilo ni la kisasa. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuiwezesha bodi kujua inanunua nini, na kama fedha ya wanachama italeta usalama unaotarajiwa.

1. Kazi ya breki

Breki haifanyi jambo jingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Na ichukuliwe pikapu yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo wake, ikienda kilomita 80 kwa saa. Ili isimame, breki zake lazima zipokee joto linalotosha kuchemsha karibu lita 2 za maji, na joto hilo huja kwa muda wa sekunde chache. Gari hilo hilo likienda kilomita 40 kwa saa, joto huwa robo tu ya hilo. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Hesabu hii peke yake yatosha kumfunza dereva kwamba breki ya bei nafuu kuliko zote ni kupunguza mwendo.

2. Dramu na diski zinavyofanya kazi

Dramu ni chombo cha chuma mfano wa sufuria, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma silinda ndogo ya gurudumu, nayo hutanua viatu hadi vikaigusa dramu kwa ndani. Dramu inapozunguka hukikokota kiatu cha mbele na kukikaza zaidi. Hivyo dramu hujisaidia yenyewe, na haihitaji nguvu nyingi ya mguu. Ubaya wake ni kwamba joto hufungiwa ndani. Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu mbali, pedali hushuka, na breki hufifia. Maji na matope yakiingia, hukawia kutoka.

Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi. Kalipa huibana kwa pedi mbili, moja kila upande, kama mtu abanavyo sahani kwa vidole. Upepo huipoza, na mzunguko wake huyarusha maji. Lakini diski haijisaidii kama dramu. Huhitaji msukumo mkubwa zaidi wa mafuta, na kwa hiyo huhitaji buta la kuongeza nguvu ya mguu.

Vyombo hivi viwili vina umri ulio karibu sawa. Dramu ya Louis Renault wa Ufaransa na hati ya diski ya Frederick Lanchester wa Uingereza ni za mwaka 1902. Diski zilipata sifa mwaka 1953, gari la Jaguar liliposhinda mashindano ya Le Mans likiwa nazo. Hata hivyo, watengenezaji wengi wa pikapu waliendelea kwa miaka mingi kuweka diski mbele na dramu nyuma. Hawakufanya hivyo kwa kutojua.

3. Kwa nini nyuma si sawa na mbele

Gari likifungwa breki, uzito huinamia mbele. Magurudumu ya mbele hushika barabara kwa nguvu, na ya nyuma huwa mepesi. Kwa sababu hiyo breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Magurudumu ya nyuma yakishikwa mno, hujifunga na kuteleza, na gari hugeuka ubavu barabarani. Kwa pikapu tupu inayorudi kutoka sokoni Dar es Salaam wakati wa mvua, breki kali mno nyuma ni hatari kuliko breki hafifu.

Pikapu nyingi zina valvu ya kupimia mzigo, iliyoungwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likiwa tupu, bodi hukaa juu, na valvu hupunguza mafuta yaendayo nyuma. Likipakiwa, bodi hushuka, na valvu hufungulia. Hapa ndipo penye jambo linalosahauliwa na wengi. Vyama vingi huongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Springi hizo huinua bodi, na valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma hunyimwa mafuta wakati zinapohitajika zaidi. Dereva hulalamika kuwa dramu hazishiki, fundi husema zinatakiwa diski, na bodi hununua diski. Valvu ikabaki vile vile, na diski nazo hazitashika.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi moja, fundi atakiwe aikague na kuirekebisha valvu hiyo, arekebishe viatu, na apime kama dramu zimeliwa kupita kipimo kilichoandikwa juu yake. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

4. Mambo ya kuangaliwa ikiwa mabadiliko yatafanywa

Bodi ikiamua kuendelea, mapendekezo ya fundi lazima yajibu mambo yafuatayo:

(a) Breki ya mkono. Dramu hushika vizuri gari lililosimama. Kalipa nyingi haziwezi kufanya hivyo. Zitakiwe kalipa zenye mkono wake wa kebo, au diski zenye dramu ndogo katikati. Gari la mzigo lisilo na breki ya mkono halifai kuegeshwa hata mbele ya ghala.

(b) Silinda kuu. Kalipa hutumia mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Silinda kuu ikiwa ndogo, pedali itazama. Aidha, katika baadhi ya magari mna valvu inayobakiza msukumo mdogo kwa ajili ya dramu. Isipoondolewa, pedi zitaendelea kuikwaruza diski na kuitia moto.

(c) Mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma. Upimwe upya, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

(d) Vishikio vya kalipa. Viwe vimetengenezwa kwa ekseli hiyo. Kipande cha bati nene kilichochomelewa kando ya barabara kisikubaliwe.

(e) Rimu. Kalipa ikigusa rimu, chama kitalazimika kununua rimu na hata matairi mapya.

(f) Vipuri. Pedi zitoke katika gari linalojulikana, ambalo vipuri vyake hupatikana Dar es Salaam bila kuagizwa ng'ambo.

Gharama zote hizi zionekane katika makadirio ya mwanzo. Makadirio yanayotaja diski na kalipa peke yake hayajakamilika, na bodi itaombwa fedha kwa mara ya pili gari likiwa juu ya jeki.

5. Lini ifaa, lini haifai

Mabadiliko yafaa kwa gari linaloshuka miteremko mirefu na mzigo mara kwa mara, au linalovuka maji na matope kila wiki, mradi kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa gari hilo hilo. Njia ya Fukayosi kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam haina milima ya kuchemsha dramu iliyo nzima. Shida ya huku ni mvua za masika, maji ya bonde la Ruvu, na chumvi ya upepo wa pwani. Chumvi hiyo huila diski pia, na hugandisha pini za kalipa zisiposafishwa. Kwa vyama vingi, dramu zinazotunzwa zitatosha. Inapotakiwa diski kwa hakika, pengine ni nafuu kungoja zamu ya kununua gari jingine na kuchagua lililotengenezwa nazo kiwandani.

6. Utunzaji usiokubali kuahirishwa

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke huingia katika mabomba na pedali huzama hadi sakafuni. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na hewa itolewe yote. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe humo, kwani huharibu mipira.

Gari likitoka majini, dereva akanyage breki polepole kwa mwendo mdogo hadi zikauke. Vumbi la dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo husababisha kansa ya mapafu; lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

7. Wajibu wa chama

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza kuendesha barabarani gari bovu, na mwenye gari hawezi kujificha nyuma ya dereva. Gari la chama ni mali ya wanachama, na mara nyingi wanachama wenyewe hupanda juu ya mzigo, jambo ambalo katibu anapaswa kulikomesha. Uamuzi wa kubadili breki uandikwe katika kumbukumbu za kikao, kampuni ya bima iarifiwe, na gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kubeba mzigo. Kila gari liwe na daftari lake, lionyeshe tarehe ya kupima viatu au pedi, tarehe ya kubadili mafuta, na jina la fundi.

Katibu akiulizwa katika mkutano mkuu kwa nini fedha zilitumika, au kwa nini hazikutumika, daftari hilo ndilo litakalojibu. Na gari litakapofika kwenye kivuko cha watoto wa shule na mzigo wa mananasi nyuma yake, hakuna atakayeuliza kama breki ni za dramu au za diski. Litakalotakiwa ni gari lisimame.