Dakika 35 za Kimya Hazitoshi



Kila mwaka, Alhamisi moja ya mwezi wa Novemba, anga ya Korea ya Kusini hufungwa. Kuanzia saa 7:05 mchana hadi saa 7:40 hakuna ndege inayoruhusiwa kuruka wala kutua katika nchi hiyo, isipokuwa kwa dharura. Zile ambazo zimekwisha kuwa angani huamriwa zizunguke huko huko juu, si chini ya kilomita tatu kutoka ardhini, mpaka muda upite. Majeshi nayo husimamisha mazoezi ya kulenga shabaha. Mgeni asiye na habari angeweza kudhani kwamba vita vimekaribia, maana nchi hiyo na jirani yake wa kaskazini hawajatia saini mkataba wa amani tangu mapigano yaliposimamishwa mwaka 1953. Sivyo hata kidogo. Vijana wanaomaliza shule ya sekondari wanasikiliza Kiingereza.

Mtihani huo unaitwa Suneung, nao ndio mlango wa kuingilia chuo kikuu. Ulianza mwaka 1993, ukafanywa mara mbili mwaka ule, Agosti na Novemba. Tangu 1994 umekuwa ukifanywa mara moja tu kwa mwaka. Siku yake ikifika, ofisi nyingi na hata soko la hisa huchelewa kufunguliwa kwa saa moja ili barabara ziwe wazi kwa watahiniwa, na polisi huwapakia katika pikipiki wale waliochelewa. Kwa mtihani wa Novemba 2025 walijiandikisha watu 554,174. Wanaotunga maswali hufungiwa mahali pa siri kwa zaidi ya mwezi mmoja, hawatoki mpaka mtihani umalizike. Mambo yote hayo yanaonyesha uzito wa jambo lenyewe: katika nchi ile jina la chuo alichosoma mtu humfuata kazini, na mara nyingi humfuata hata kwenye posa.

Kiingereza huja baada ya chakula cha mchana, saa 7:10, na huchukua dakika 70. Maswali ni 45. Kati ya hayo 17 ni ya kusikiliza na 28 ni ya kusoma. Sehemu ya kusikiliza huchukua kama dakika 25, na sauti hutoka katika vipaza sauti vya darasani. Mazungumzo karibu yote husikika mara moja tu. Ni maelezo ya mwisho, yenye maswali mawili, ndiyo yanayorudiwa. Kwa hiyo jirani akipiga chafya wakati usiofaa, sentensi iliyopotea haitarudi tena. Yanayosemwa si mambo makubwa. Mwanamume na mwanamke wanapanga sherehe, na mtahiniwa aeleze nani atafanya nini. Pana mchoro wenye vitu vitano, na kimoja hakilingani na yaliyosemwa. Pana mnunuzi wa tiketi mbili za watu wazima na moja ya mtoto, akapunguziwa asilimia kumi; alipe kiasi gani? Hilo la mwisho kwa kweli ni swali la hesabu lililovishwa nguo za Kiingereza.

Yafaa kukiri kwamba hapa pana jambo la kusifiwa. Dola nzima imekubali kwamba si haki kupima sikio la mtoto huku ndege ikinguruma juu ya paa, na imekubali kuingia hasara kwa ajili hiyo. Mtoto wa tajiri wa Seoul na mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Busan wanasikia sauti ile ile, kwa dakika ile ile, katika kimya kile kile. Kipaza sauti kikiharibika, darasa huanza na maswali ya kusoma, na sauti hufuata baadaye. Vijana ambao masikio yao yana ulemavu mkubwa hupewa maneno yale yakiwa yameandikwa katika karatasi. Nchi nyingi zinazojigamba kwa usawa hazijafika hapo.

Lakini, ndugu walimu, sikio halijengwi kwa dakika 35. Kikorea hakina sauti ya F. Msemaji wake huweka P mahali pake. Tena katika Kikorea L na R si sauti mbili, bali ni sura mbili za sauti moja. Walimu wa hapa wanaofundisha watoto ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi L na R watalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Tabu nyingine ni kwamba Kiingereza cha mdomoni humeza maneno yake madogo. Mwanafunzi anayeyajua maneno yote yakiwa katika kitabu anaweza asilitambue hata moja yanapotamkwa kwa kufuatana, maana yameshikana kama ugali uliopoa. Mara nyingi anayekosea swali la kusikiliza hakukosa msamiati. Alikutana na rafiki yake gizani akampita.

Dawa yake inajulikana siku nyingi, wala haina gharama. Ni imla. Mwanafunzi asikilize habari fupi yote mara moja bila kushika kalamu, ili apate maana ya jumla. Kisha asikilize sentensi moja moja na kuandika alichosikia, si alichodhani kwamba kinapaswa kusemwa. Ndipo afungue maandishi yenyewe, na kila mahali ambapo sikio lilimdanganya apige mstari. Mistari hiyo ndiyo somo lake la kesho. Baadaye aseme pamoja na msemaji, kwa mwendo ule ule, kwa kuwa sauti ambayo kinywa hakijapata kuitoa ni vigumu kwa sikio kuipokea. Robo saa kila siku kwa mwaka mzima ina faida kuliko saa nne za Jumapili moja kabla ya mtihani. Kusoma nako ni vivyo hivyo. Maswali 28 katika dakika zipatazo 45 ni chini ya dakika mbili kwa kila swali, na wepesi wa namna hiyo hauji kwa kukariri orodha za maneno. Huja kwa kusoma kurasa nyingi, hadithi na magazeti na vitabu vizima, mpaka jicho lizoee kuvuka sentensi ndefu bila kusimama kila neno.

Sasa itazamwe jinsi maandalizi yanavyofanywa. Karibu kila mtaa wa miji ya Korea ya Kusini una vituo vya kulipia vya masomo ya ziada, viitwavyo hagwon. Mtoto hutoka shule jioni na kuingia hagwon, na biashara hii ilizidi mpaka mji wa Seoul ukaweka amri kwamba vituo hivyo vifungwe saa 4 usiku. Wenye vituo walilalamika mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikawakatalia. Mwaka 2024, kwa hesabu za serikali yenyewe, wazazi walitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya kulipia, na katika kila wanafunzi 100 wa shule za msingi na sekondari 80 walikuwa wakiyahudhuria. Kiingereza kikaongoza masomo yote kwa kula fedha hizo.

Je, kinachouzwa huko ni lugha? Kwa sehemu ni lugha, na kwa sehemu kubwa ni ujanja wa mtihani. Vijana huzoezwa kusikiliza sauti iliyoongezwa kasi ili siku ya mtihani mwendo wa kawaida uonekane wa kobe. Hufundishwa kusoma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya habari na kubahatisha ya katikati. Na wako wengi wanaojizoeza kujibu maswali mepesi ya kusoma katika mapengo ya sehemu ya kusikiliza, sikio moja likiwa kwa msemaji na macho yote mawili yakiwa ukurasa wa mbele. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Nchi imezuia ndege zake ili kijana asikilize, na kijana amefundishwa, kwa fedha za baba yake, namna ya kutosikiliza sana. Asilaumiwe kijana. Mwenye kulaumiwa ni yule aliyegeuza dakika zake kuwa bidhaa.

Biashara hiyo ilipenya hata mahali pasipostahili. Katika mtihani wa Novemba 2022, habari ya swali la 23 la Kiingereza, iliyotokana na kitabu cha mwanasheria wa Kimarekani Cass Sunstein, ilikuwa ile ile iliyokwisha kutolewa katika karatasi ya majaribio ya mwalimu mmoja mashuhuri wa tuisheni. Malalamiko yalikuwa mengi. Juni 2023 Rais wa wakati huo, Yoon Suk Yeol, aliagiza kwamba maswali magumu kupita kiasi, yasiyoweza kujibiwa kwa masomo ya shuleni peke yake, yaondolewe. Machi 2024 wakaguzi wa serikali walitoa taarifa kwamba walimu wa shule walikuwa wakiuza maswali kwa vituo vya tuisheni, na wakataka watu 56 wachunguzwe. Mwalimu anayelipwa mshahara na umma asubuhi, na jioni anamwuzia mwenye duka kile ambacho mtoto wa kabwela darasani kwake hatakipata, hana tofauti na mganga wa hospitali anayeficha dawa.

Haifai kusema kwamba serikali za huko zimekaa tu. Mara mbili kwa mwaka redio ya shirika la utangazaji wa elimu, EBS, huendesha mtihani wa kusikiliza Kiingereza kwa shule za nchi nzima, na shule ya kisiwani hupata maswali yale yale ya mjini kwa saa ile ile. Mwaka 2004 shirika hilo lilianza kutoa masomo ya Suneung bila malipo kwa intaneti. Mwaka 2010 ikaamuliwa kwamba asilimia 70 ya mtihani iambatane na vitabu na vipindi vyake. Shabaha ilikuwa njema kabisa: asiye na fedha ya hagwon awe na mwalimu yule yule.

Tokeo lilishangaza. Habari za Kiingereza zilichukuliwa kutoka vitabu vile karibu kama zilivyo, na wanafunzi wakagundua kwamba hakuna haja ya kuzisoma. Waliikariri tafsiri yake ya Kikorea. Kijana aliona maneno mawili matatu aliyoyatambua, akakumbuka habari nzima kwa lugha ya mama yake, akajibu. Hapana shaka alipata maksi, bali Kiingereza hakukipata. Ndipo uhusiano huo ukapunguzwa. Tangu mtihani wa Novemba 2021 ni asilimia 50, na kwa Kiingereza habari zenyewe hazirudiwi, hubaki mada na mawazo yanayofanana.

Hatua nyingine ilikuwa ya mwaka 2017. Kabla ya hapo watahiniwa walipangwa kwa kushindanishwa, hata aliyejua vema aliweza kushushwa kwa sababu wengine walijua zaidi. Tangu mwaka huo kila anayepata maksi 90 katika 100 anaingia daraja la kwanza la Kiingereza, hata wakiwa wengi kiasi gani. Ilitarajiwa kwamba wazazi wangepumua. Mara ya kwanza asilimia 10.03 ya watahiniwa waliingia daraja hilo. Novemba 2024 wakawa asilimia 6.22. Novemba 2025 wakawa asilimia 3.11, na Desemba mkuu wa taasisi inayotunga mtihani akajiuzulu. Katika karatasi ile palikuwa na habari juu ya mawazo ya Immanuel Kant kuhusu sheria, ambayo hata wenye Kiingereza chao waliisoma mara mbili.

Aliyeumia zaidi Novemba ile ni kijana aliyeamini ahadi. Yule aliyeambiwa kwamba daraja la Kiingereza halina mashindano tena, kwamba masomo ya darasani na ya EBS yatatosha, akaacha hagwon au hakuwa nayo tangu mwanzo. Mwenye fedha hakuamini, akaendelea kulipa.

Inafaa kutazama pia mahali maksi hizo zilipopotea. Wengi wa vijana wanaoandaliwa vema hupita salama katika maswali ya kusikiliza. Wanaanguka katika kusoma: habari yenye pengo la kujazwa, habari iliyovurugwa ipangwe upya, sentensi iliyong'olewa irudishwe mahali pake. Huko ndiko kunakohitaji mtoto aliyesoma vitabu vizima tangu utoto, maktaba iliyo wazi, na mwalimu mwenye nafasi ya kukaa na wanafunzi wachache na kuuliza kwa nini mwandishi amesema hivi na si vile. Vitu hivyo ndivyo ambavyo mtaa wa wakwasi unavyo na mtaa mwingine hauna.

Saa 7:35 hivi sauti katika vipaza sauti hukoma, na karatasi hugeuzwa. Saa 7:40 marubani waliokuwa wakizunguka huruhusiwa kutua. Watahiniwa wamebakiwa na dakika 40, na maswali ya kusoma yako mbele yao.