Majani ya Nyanda Kavu: Kazi ya Mbingu na Kazi ya Mkono
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, nanyi ndugu wanachama wa Kitale na Bungoma,

Sisi tunakaa katika nchi ya mahindi. Lakini mtu akipita Kapenguria na kuteremkia Chepareria, huingia katika nchi ambayo uhai wake ni majani. Baadhi yetu tuna jamaa huko, na baadhi ya makaa ya jikoni mwetu hutoka huko. Basi habari yao ni habari yetu.

Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Chepareria ilikuwa udongo mtupu na makorongo. Wengi walisema, "Ni mbingu." Kweli, ukame wa 1984 ulikuwa mkali, tena tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikipungua katika nyanda kavu za Kenya. Lakini mbingu haifanyi kazi peke yake. Majani yakiliwa bila kupumzishwa, mizizi hudhoofika. Ardhi hukakamaa kama sakafu, na mvua ijapo hukimbilia korongoni. Tena, zamani moto wa kiangazi uliua miche ya miiba. Majani yakiisha moto hukosa chakula, nayo miiba hushika nchi.

Hata hivyo tusimlaumu mchungaji peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, na Wapokot wakapoteza malisho waliyokuwa wakikimbilia. Mifugo ilibanwa mahali padogo.

Sasa tazameni dawa yake. Mradi wa Vi, uliotoka Sweden, ulianza kazi Pokot Magharibi mwaka 1983. Tangu 1987 watu wa Chepareria walizungushia viwanja vyao nyua za miti hai, wakapanda majani, wakayapumzisha. Chini ya mbingu ile ile, majani yakarudi. Leo wako wanaouza mbegu za majani, na wako wanaokodisha malisho.

Lakini ua una pande mbili. Aliye ndani hushiba. Je, asiye na kiwanja, wakati wa ukame ampeleke wapi ng'ombe wake? Njia za mifugo zikifungwa, ugomvi hufunguliwa. Hilo laamuliwa na wazee, wala si na mvua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, tusinunue makaa ya migunga iliyokatwa mibichi. Pili, wazee wetu wakiitwa kugawa ardhi ya jamaa, waache njia ya ng'ombe na mahali pa maji kabla ya kupima kiwanja cha kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua hatuwezi kuiamuru. Mikono yetu twaweza.