Bondia na Doa

Msikilizaji, yupo msanii wa Marekani, Bill Morrison, anayechukua mikanda ya filamu iliyooza kwenye ghala za kumbukumbu na kuiunga upya. Haisafishi. Katika filamu yake Decasia ya mwaka 2002, iliyotungiwa muziki na Michael Gordon, bondia anarusha ngumi, lakini mfuko anaoupiga hauonekani. Umeliwa na uozo, limebaki wingu linalochemka. Bondia wa watu anapigana na doa, na wala hachoki.

Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza chenyewe. Ndiyo maana filamu nyingi za enzi zile hazipo tena. Nyingine zimepona kwa sababu ya ubahili tu: Dawson City, huko kaskazini mwa Kanada, palikuwa mwisho wa njia ya usambazaji, na kampuni hazikutaka kulipia nauli ya kurudisha mikanda. Mwaka 1929 mingi ikafukiwa kwenye bwawa la kuogelea. Ardhi ya barafu ikaitunza hadi ilipofukuliwa mwaka 1978. Mikanda 533! Morrison akaisimulia habari hiyo katika filamu ya mwaka 2016, kwa mikanda ile ile.

Utasikia mtu akisema huyu anavuna asipopanda. Sikubali. Picha ya bondia na doa lake hakuna aliyeipiga. Ilihitaji mtu wa kuiona kwanza. Mwaka 2013, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Decasia kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa.