Mtambo wa Pij na Nyumba za Maziwa

Maneno ya Kamati ya Elimu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Wafugaji



Waliotutangulia wamekwisha eleza jinsi Chama kilivyoanza na vituo vitatu vya kukusanyia maziwa, na jinsi deni la tangi la kwanza la kupozea lilivyotunyima usingizi. Hatutayarudia hayo. Sisi tumetumwa tuzungumze habari ya televisheni, kwa sababu jambo hilo limo katika ajenda ya kesho, na wengi wenu mmekuwa mkilibishania tangu lilipotajwa. Wako watu wanaokusudia kuanzisha kituo cha televisheni cha umma kwa ajili ya mkoa wetu. Wanatuomba tuwape nafasi katika vituo vyetu vya maziwa waweke seti za kutazamwa na watu wote, na tuchange fedha kila mwaka.

Kabla ya kujibu, tuliona yafaa kuuliza kama wako wafugaji wengine waliopata kukutana na jambo la namna hii. Wako, nao ni wafugaji wa Kheda.

Kheda ni wilaya ya jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Sehemu yake iitwayo Charotar ndiko walikotoka wengi wa akina Patel waliofungua maduka katika miji ya Afrika Mashariki, hata huenda wazee wetu walinunua chumvi kwa jamaa za watu hao. Waliobaki nyumbani walilima tumbaku na kufuga nyati wa maziwa. Mwaka 1946, walipochoshwa na bei za mnunuzi mmoja aliyepewa haki ya peke yake, walikataa kumwuzia maziwa kwa siku kumi na tano. Mwezi wa Desemba mwaka huo wakaandikisha chama chao kikuu katika mji wa Anand, mwenyekiti akiwa Tribhuvandas Patel. Mhandisi Verghese Kurien alifika mwaka 1949, akakaa nao maisha yake yote. Chama hicho kingalipo, na jina la Amul lililo juu ya siagi yake lajulikana hata nje ya India.

Sasa twaja kwenye televisheni. Kuanzia Agosti 1975 mpaka Julai 1976 serikali ya India ilitumia setilaiti ya Marekani, ATS-6, kurusha vipindi vya elimu kwa vijiji yapata 2,400 katika majimbo sita. Jaribio hilo limeandikwa sana vitabuni. La Kheda limeandikwa kidogo, ingawa kwa maoni yetu ndilo linalotuhusu zaidi. Katika kijiji cha Pij, ndani ya wilaya hiyo, wataalamu wa shirika la anga la India walisimamisha mtambo mdogo wa kurushia picha, wenye nguvu ya kilowati moja tu. Haukukusudiwa kufika mbali. Ulikusudiwa kuwafikia watu wa Kheda, kwa lugha yao ya Kigujarati, na setilaiti ilipoondoka mtambo wa Pij uliendelea.

Seti ziliwekwa wapi? Nyingi ziliwekwa katika nyumba za vyama vya maziwa vya vijiji. Twaomba mlifikiri jambo hili. Katika nyumba zile watu walifika asubuhi na jioni wakiwa na vyombo vyao, maziwa yakapimwa mafuta, wakalipwa. Walikuwa wamekwisha zoea kusimama katika safu moja, mwenye mashamba mengi nyuma ya asiye na shamba, bila kujali tabaka. Palikuwa mahali ambapo hakuna aliyehitaji kualikwa. Seti ikiwekwa sebuleni kwa tajiri wa kijiji huwa yake, na maskini huchungulia dirishani.

Na vipindi vyenyewe havikuwa mahubiri ya bwana mkubwa kutoka mjini. Watengenezaji walikwenda vijijini kuuliza kwanza, ndipo wakarudi kutunga, na wanakijiji wenyewe waliigiza. Walisema habari za ng'ombe na nyati na ushirika, ndiyo, lakini pia ulevi, ubaguzi wa tabaka, haki za wanawake, afya, namna ya kudai haki mbele ya maofisa wa serikali, na mshahara wa chini wa vibarua wa mashambani. Hili la mwisho lataka ujasiri. Kipindi kinachomweleza kibarua mshahara wake wa halali hakiwezi kumpendeza kila mwenye shamba, na wenye mashamba walikuwamo miongoni mwa wanachama. Mwaka 1984 UNESCO iliipa kazi ya Kheda tuzo yake ya mawasiliano ya vijijini.

Twasema haya kwa kuwa sisi nasi hatuna budi kujiuliza. Je, tutakubali kipindi kitakachoonyesha maziwa yakitiwa maji, na karani akifumba macho? Kama hatukubali, heri tusichange hata senti moja.

Wapo waliotuambia kwamba seti tunazo tayari. Ni kweli. Mwaka wetu wa tatu tulinunua moja, tukaiweka katika kituo kikubwa kuliko vyote. Tuliyoyaona ni mpira wa Ulaya, tamthilia, na siku moja ng'ombe wa Uholanzi wanaokamuliwa kwa mashine katika banda safi kuliko zahanati yetu. Wazee walicheka sana. Hapakutajwa ndigana, wala ugonjwa wa kiwele, wala namna ya kuhifadhi mabingobingo kwa ajili ya kiangazi. Vijana nao wanasema simu zao zatosha. Lakini simu hutazamwa na mtu mmoja, naye akiisha kutazama hana wa kubishana naye. Wenye umri wetu watakumbuka kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu yapata milioni mbili katika vikundi: walisikiliza pamoja, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nguvu ilikuwa katika kile kikundi.

Tusiwafiche mwisho wa habari ya Pij. Tangu mwaka 1982 vipindi vya taifa kutoka Delhi, kwa Kihindi, vilienea nchini kwa setilaiti mpya, na miji mikubwa ikataka nafasi zaidi hewani. Mwaka 1985 iliamuliwa kwamba mtambo wa Pij uondolewe, upelekwe Madras kwa ajili ya idhaa ya pili ya mji ule. Watu wa Kheda walilalamika, lakini hata mwisho kituo kilizimwa. Maziwa yalikuwa yao, na kiwanda, na magari, na nyumba zilimokuwa zile seti. Mtambo haukuwa wao, wala hakuna mkutano wao mkuu uliokuwa na haki ya kuupigia kura.

Hapa ndipo Kamati ilipokaa kwa muda mrefu. Kwetu mambo ni magumu zaidi kwa namna moja: tangu mfumo wa dijitali uanze kushika nafasi ya ule wa zamani, Desemba 2012, mwenye vipindi siye mwenye mtambo, hupeleka vipindi vyake kwa kampuni zenye leseni ya kuvirusha. Kwa hiyo hatuwezi kudai mlingoti. Twaweza kudai studio, kamera, kumbukumbu za vipindi, na sauti katika kupanga saa. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba Chama kikubali ombi, kwa sharti kwamba studio iwe ndani ya mkoa, vyombo viandikwe kwa jina la bodi ambayo nusu ya viti vyake ni vya vyama vya ushirika, na saa moja ya kila jioni, baada ya maziwa kupokelewa, iwe ya vipindi vilivyotengenezwa hapa. Mchango uwe wa mwaka hadi mwaka, ili tuweze kuuzuia masharti yakivunjwa.

Mjumbe mmoja wa Kamati hakukubaliana nasi. Asema fedha hizo zinunue dawa ya josho kwanza, maana ng'ombe aliyekufa kwa ndigana hafufuliwi na picha. Tumeandika maoni yake pamoja na yetu, nanyi mtayapata yote mawili katika karatasi za mkutano. Hoja itasomwa kesho saa nne asubuhi, baada ya hesabu za mwaka. Wajumbe wa vituo vya mbali wanaombwa wasiondoke kabla ya kura.