Kumbukumbu ya Mzee Marc Brunel, Mhandisi



Twamkumbuka leo Marc Brunel, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1769. Mwaka 1793 aliyakimbia mapinduzi ya kwao akaenda New York. Mwaka 1799 akavuka bahari tena hadi Uingereza, akamwoa Sophia, mchumba wake wa zamani.

Mwaka 1821 alifungwa kwa deni. Bibi Sophia hakumwacha. Aliingia gerezani akakaa naye, hata serikali ilipotoa pauni 5,000 deni likalipwa.

Yasemekana mdudu atoboaye mbao za vyombo ndiye aliyemfunza kubuni ngao ya chuma ya kuwakinga wachimbaji. Kwa ngao hiyo alianza, mwaka 1825, kuchimba njia chini ya mto Thames. Mwanawe Isambard alisimamia kazi. Mwaka 1828 maji yaliwavamia, watu sita wakafa, naye kijana akaokoka kwa shida. Njia ilifunguliwa mwaka 1843, na hata leo treni hupita humo.

Mzee alifariki mwaka 1849. Ndugu zetu, aliyelemewa na deni tusimkimbie: pengine kazi yake kubwa haijaanza.