Upepo Ulioganda: Nyumba ya Hisabati



Ukitaka kujenga makumbusho ya majahazi, utaweka majahazi. Ya ngoma, utaweka ngoma. Je, ukiambiwa ujenge ya hisabati, utaweka nini? Hisabati haina mwili. Wengi hukimbilia kubandika tarakimu ukutani na kuchora pembetatu mlangoni, basi, kazi imekwisha. Mtoto aliyezoea kuchapwa kwa kushindwa jedwali la kuzidisha akiingia humo ataona darasa jingine tu.

Juma hili tutazame ukumbi wa hisabati ulio ndani ya Makumbusho ya Sayansi mjini London, uliofunguliwa Desemba 2016. Msanifu wake ni Bi. Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, mwaka 2004. Kabla ya kusomea usanifu alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Hakuiendea hesabu kama mgeni.

Alifanyaje? Katikati ya ukumbi imening'inizwa ndege halisi, Handley Page ya mwaka 1929, iliyoundwa Uingereza kwa ajili ya shindano la ndege salama huko Marekani. Enzi hizo ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi rubani alikuwa roho mkononi. Swali lilikuwa: itarukaje polepole bila kudondoka? Jibu lilihitaji mafundi, lakini lilihitaji pia milinganyo ya mwendo wa hewa. Bi. Hadid na wenzake wakaitumia milinganyo ya namna hiyo kukokotoa jinsi hewa inavyoizunguka ndege ile ikiwa angani. Mistari waliyoipata ndiyo iliyotoa umbo la ukumbi: kitambaa kilichovutwa na kupindwa kuizunguka ndege, mpangilio wa makabati ya maonyesho, hata mabenchi ya kukalia. Mgeni anatembea ndani ya upepo ulioganda.

Hapo nampa heko. Mikunjo ile si mapambo. Ndege ingekuwa nyingine, au mwendo wake mwingine, hesabu ingebadilika na ukumbi ungepinda vingine.

Lakini nina neno. Ukumbi una vitu zaidi ya 100, na si vyote vya angani. Kuna astrolabu ya Kiislamu ya karne ya 17, kuna mashine ya Enigma ya kuficha habari za vita, kuna sehemu ya fedha na sehemu ya uhai na kifo. Sasa, takwimu za vifo zina upepo gani? Nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyezikwa, na mwanga wa zambarau hausemi hivyo. Kwa ndege, mikunjo ile ni nguo iliyopimwa mwilini. Kwa takwimu za watu ni joho la kuazima. Ningependa kona moja iliyojengwa kwa kuhesabu: kigae kimoja mtu mmoja, mgeni ahesabu mpaka achoke, ndipo ajue elfu kumi ni nini.

Watakaosema nadai mengi wana haki yao. Bi. Hadid hatatujibu, alifariki Machi 2016, miezi michache kabla milango haijafunguliwa. Kiingilio hakuna, na mabenchi yale yanaruhusiwa kukaliwa.