Kwa nini tulibomoa ukuta wa paneli, na kwa nini tunaomba kuendelea na dari

(Maneno ya komite ya ujenzi mbele ya memba na wafadhili, Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.)

 

Katika mkutano uliopita mama yetu mmoja mjane, memba tangu mwanzo, alisimama pale kwenye mlango akasema: "Mulituambia nyumba itasimama mu siku tatu. Sasa iko mwezi wa tatu. Mutuambie ukweli." Watu walipiga makofi. Leo tunajibu, na tunajibu mbele ya waliotoa pesa, maana pesa ile ilikuwa ya nyumba nane zenye kuta za paneli. Sisi tumesimamisha ukuta mmoja, kisha tukaubomoa kwa mikono yetu.

Kwanza kitu chenyewe. Wengi walisikia "paneli" wakafikiri ile ya jua. Hapana. Hii ni kama mkate uliokatwa na kutiwa siagi. Huku ubao mwembamba wa triplex, kule triplex nyingine, na katikati frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni ya televizyo. Vyote vitatu vinashikwa na kole. Triplex peke yake inapinda, frigoliti peke yake unaivunja kwa vidole. Lakini vikishikana vizuri, vinakuwa kitu kimoja kigumu: ubao wa nje na wa ndani vinabeba mzigo, na frigoliti inavizuia visikunjike wala kuteleza. Njo maana paneli ya kweli inaweza kubeba paa bila nguzo ndani.

Haiko kitu kipya. Marekani walianza kujaribu kuta za namna hii mwaka 1935, katika maabara ya serikali inayochunguza mbao kule Madison, Wisconsin. Mwaka 1952 mchoraji wa nyumba Alden B. Dow akajenga kule Michigan kwa paneli zenye povu katikati. Kwao kuna theluji, wanataka joto lisitoke. Kwetu chini ya manjanja tunataka joto lisiingie. Kazi ni ile ile, na frigoliti ya sentimeta 10 inazuia joto kupita ukuta wa matofali mabichi wenye unene wa mita moja. Hesabu hiyo ndiyo ilituvuta. Tena tulijisemea: kati yetu kuko mafundi waliojifunza mbao Nyarugusu, waliotengeneza vitanda na milango ya nusu ya kambi. Paneli itatushinda nini?

Ilitushinda kole.

Mara ya kwanza tulichukua kole ya mafundi viatu, kwa sababu iko sokoni na inashika haraka. Tuliipaka saa tatu asubuhi. Saa nne frigoliti ilikuwa imeliwa, mashimo mashimo, sawa vile panya wamelala mule. Kumbe dawa iliyo ndani ya kole ile inayeyusha frigoliti, kama vile petroli inavyofanya. Frigoliti ya paneli mbili ilikwenda hivyo, na hatukuona haya kucheka, lakini ilikuwa pesa.

Mara ya pili tulitumia kole nyeupe ya mbao. Tulilaza paneli chini, tukaweka juu yake bidoni 40 za maji, lita 20 kila moja, ili zikandamize. Baada ya siku tatu pembeni pamekauka, katikati bado ni maziwa. Kole ile inakauka kwa kutoa maji, na frigoliti haipitishi maji. Tulisubiri wiki mbili. Kati ya paneli sita, mbili zilishika sawasawa. Zile nne, tulipokata tundu la dirisha, ubao ulibanduka kama ganda la ndizi.

Hapo tuliona ugonjwa wenyewe. Frigoliti yetu ilikuwa ya kuokoteza: masanduku ya samaki, vipande vya katoni za friji. Kipande kimoja kina sentimeta 5, jirani yake kina nne na nusu. Pale penye upungufu ule, ubao haugusi, kole inabaki hewani. Kwa macho paneli ni nzuri. Ndani iko na tupu. Na paneli ikiachana katikati, haiko paneli tena, ni mbao mbili nyembamba zimesimama karibu karibu, na watoto wanalala chini yake.

Kuko kole nyingine inayovimba ikikutana na unyevu kidogo, inajaza nafasi ndogo ndogo na kushika sana. Tuliipata kwa mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigoma. Ilifanya kazi. Lakini kole ya kuta za nyumba moja ilikuwa bei ya manjanja ya paa zima. Tulinunua ya ukuta mmoja, wa nyumba ya mama aliyetuuliza.

Ukuta ulisimama kwa asubuhi moja, kweli, na wengi mlikuja kupiga picha. Kisha mvua. Tuliuweka juu ya msingi wa mawe na kuupaka rangi, lakini ukingo wa chini tuliuziba vibaya. Triplex ilikunywa maji ikavimba. Mwezi uliofuata tulikuta mchwa. Mchwa hawali frigoliti, lakini wanachimba barabara zao mule ndani, na huwaoni mpaka ubao ulie tupu ukigongwa. Na sisi tunaoishi karibu na ziwa tunakumbuka 2024, maji yalipoingia manyumbani. Ukuta wa udongo ukianguka unaokota udongo ule ule na kuanza tena. Triplex iliyooza unaokota nini?

Jambo la mwisho ni moto. Kabla ya kuamua tulichoma kipande cha frigoliti uwanjani, ba mama wakiangalia. Kiliyeyuka, kikadondosha matone ya moto, na moshi mweusi ambao hakuna aliyeweza kusimama karibu nao. Wajenzi wa kule wanaufunika upande wa ndani kwa ubao mzito wa jasi ili kununua muda watu watoke. Sisi tunapika na mbabula, mvua ikinyesha tunaiingiza ndani. Mama mjane hakusubiri hotuba. Alisema: "Mutoe ile kitu kwangu." Tulitoa.

Makosa ni yetu, komite. Tuliahidi nyumba nane kabla ya kumaliza hata paneli moja. Tulikuwa na haraka, kwa sababu familia zingine bado ziko chini ya bashi, na kwa sababu, tuseme ukweli, neno "paneli" linapendeza ndani ya ripoti kupita neno "udongo". Wanaosema pesa imeliwa, karatasi za matumizi ziko kwa katibu, kila ununuzi na risiti yake. Mje mzisome, hata leo.

Zile paneli mbili zilizoshika hazikupotea. Fundi amezikata, zimekuwa sanduku la barafu la ba mama wauza samaki. Barafu inafika jioni. Hiyo ni kazi inayofaa frigoliti.

Sasa tunachoomba. Tulipokaa na mafundi tuliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: joto linaingia wapi? Haliingii sana ukutani. Ukuta wa matofali mabichi ni mzito, unachelewa kupata moto. Joto linatoka juu, kwenye manjanja. Basi kuta zibaki zile tunazozijua, matofali mabichi juu ya mawe yanayofika gotini, na paa litokeze nje mkono mzima. Paneli iende kwenye dari, na katikati yake tusiweke frigoliti, tuweke pumba za mpunga.

Pumba tuko nazo bure, mashine zinazitupa barabarani. Haziozi upesi, na zikipata moto zinafuka polepole, haziruki ndimi. Lakini msidanganyike: hii haiko paneli ya kubeba mzigo. Ni kisanduku. Fremu ya mbao inabeba, pumba zinazuia joto tu. Tunafanya vipande vya sentimeta 122 kwa 122 ili watu wawili wavinyanyue, triplex nyembamba chini, mkeka juu, pumba sentimeta 8 katikati. Ukutani pumba zingeshuka na kuacha tupu juu. Darini zinalala tu, hazina pa kushukia.

Panya ndio adui. Punje zikibaki ndani ya pumba, umewaita karamuni. Kwa hiyo pumba zinapepetwa mara mbili, zinaanikwa jua kali, na kuchanganywa na chokaa kidogo kabla ya kufungwa. Na juu ya dari, pande zote mbili za nyumba, tunaacha tundu lenye wavu ili hewa ya moto itoke.

Tumejaribu kwenye stoo ya chama. Chumba kimoja na dari, kingine bila. Tuliweka mshumaa juu ya rafu ya juu katika kila chumba, manjanja yakiwa yanalia kwa jua. Saa nane mchana ule wa chumba cha bila dari ulikuwa umeinama kama mzee. Wa pili ulibaki wima. Na mvua ilipokuja, kwenye chumba chenye dari tuliweza kuongea bila kupiga kelele. Mwalimu aliyekuwepo alianza palepale kuomba ya darasa lake.

Pesa iliyobaki, tumeihesabu mara tatu, inatosha nyumba sita na si nane. Mbili zimekufa ndani ya kole, triplex na haraka yetu. Tunawaomba wafadhili waruhusu zile sita zijengwe hivi tulivyoeleza. Hatuwaombi leo kuongeza kitu.

Ninyi memba mlikuwa na orodha ya familia nane. Wawili kati yao ni watu wa komite. Wametoa majina yao jana usiku, bila kuombwa mbele ya watu, na wao pia bado wanalala chini ya bashi. Wanaobaki ni sita. Nyumba ya kwanza ni ya mama aliyetuuliza, mawe ya msingi wake hayajasogea. Tunahitaji mifuko 60 ya pumba zilizopepetwa kabla ya Jumamosi, na mashine inaanza kusaga saa moja asubuhi.